Afisa kajilaza kwenye kochi na sigara mkononi: askari wa kweli huyu, au mtalii mwenye magwanda?

#1 Kalamu ya Mkaa
Wadau, salaam. Mimi nachora picha za watu hapa Tanga. Wateja wangu wengi ni askari wastaafu na wote wanataka kitu kimoja: asimame wima, kifua mbele, medali zihesabike. Mmoja aliwahi kunirudishia kazi kwa sababu kifungo cha tatu hakikung'aa.

Sasa juzi napekua picha za kale mtandaoni nikakutana na Kapteni Frederick Burnaby, amechorwa na Mfaransa James Tissot mwaka 1870. Ipo National Portrait Gallery, London. Jamaa kajinyoosha kwenye kochi lenye kitambaa cheupe, miguu kaikunja mmoja juu ya mwingine, sigara vidoleni, masharubu yamesokotwa ncha kama sindano. Suruali ina mstari mwekundu mpana ubavuni unaokata picha nzima. Kofia ya chuma na dirii yake ya kifuani vimewekwa kando, utadhani mtu karudi harusini akavua koti. Nyuma ukutani kuna ramani ya dunia, kwa sababu alisafiri hadi Khiva huko Asia ya Kati.

Hoja yangu: huyu hakuwa askari. Alikuwa tajiri anayesafiri, jeshi likamlipia sare. Na mchoraji aliliona hilo akalichora. Nani anabisha?

#2 Mzee wa Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Kahawa hii hapa.

#3 Mwalimu Kidato
Mkuu Kalamu, umeanza vizuri ukateleza kwenye ramani. Picha ni ya 1870. Burnaby alikwenda Khiva majira ya baridi ya 1875 kuingia 1876. Ramani haiwezi kukumbuka safari ambayo haijafanyika. Miaka ile alikuwa ameshatembea Hispania na kwingineko na kuandika barua magazetini, lakini jina kubwa bado.

Ndiyo maana mimi naipenda hiyo picha. Kila mtu anayeitazama leo anasoma mambo yaliyotokea baadaye: Khiva, puto, Sudan. Tissot hakuyajua hata moja. Alichora kijana wa miaka 28 aliyezaliwa Bedford 1842, aliyeingia jeshini 1859 akiwa na miaka 17, na ambaye mpaka siku hiyo hajawahi kupigana vita yoyote.

#4 Kalamu ya Mkaa
Nimekubali kosa la ramani, asante Mwalimu. Lakini umenisaidia! Miaka 11 jeshini bila vita. Si ndiyo nilichosema?

#5 Koplo Mstaafu
Wewe mchoraji shika brashi yako. Kutopigana si kosa la askari, askari anakwenda anakopelekwa. Burnaby alikuwa Royal Horse Guards, walinzi wa farasi wa nyumba ya mfalme. Kikosi hicho kilipigana Waterloo 1815, halafu hakikutoka tena vitani hadi Misri 1882. Hata vita vya Crimea hakikupelekwa. Zaidi ya miaka 60 kazi ni gwaride, kusindikiza malkia na kung'arisha chuma. Mimi nimewahi kukaa kambi moja miaka mitano nikilinda ghala ambalo halikuwa na kitu ndani. Utaniambia sikuwa askari?

#6 Bint Mkokotoni
Koplo ghala lisilo na kitu mlikuwa mnalinda nini 😂

#7 Koplo Mstaafu
Kufuli, binti yangu.

#8 Hesabu za Mtaani
Niongeze jambo ambalo watu hawalijui. Wakati picha hii inachorwa, cheo cha afisa wa Uingereza kilikuwa kinanunuliwa. Kwa askari wa miguu, cheo cha chini kabisa cha afisa bei yake rasmi ilikuwa pauni 450, na luteni kanali pauni 4,500, na kwenye vikosi vya kifahari kama cha Burnaby bei ilikuwa juu zaidi. Ukitoka unamuuzia anayekufuata, kama kilemba cha nyumba ya kupanga. Utaratibu huo ulifutwa 1871, mwaka mmoja tu baada ya picha. Baba yake Burnaby alikuwa mchungaji mwenye uwezo, kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Sasa itazame picha upya. Yule kwenye kochi amelalia mali yake.

#9 Mwalimu Kidato
#8 ni kweli, ila usiifanye kama siri ya Burnaby peke yake. Maafisa karibu wote wa farasi na miguu walipita humo. Waliosamehewa ni wa mizinga na wahandisi, maana huko ilibidi mtu ajue hesabu.

#10 Fundi Fremu
Naomba kuuliza upande wa ufundi. Hiyo picha ni kubwa kiasi gani? Nimeizoea kuiona kwenye skrini nikadhani imejaa ukuta.

#11 Kalamu ya Mkaa
Fundi, hapo ndipo nilipocheka. Ni ndogo! Rangi za mafuta juu ya ubao, kama sentimita 50 kwa 60. Unaweza kuibeba kwapani ukapanda nayo daladala. Na Burnaby mwenyewe alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 4, karibu sentimita 193, kifua inchi 46. Wakati wake akisemwa kuwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika jeshi lao.

#12 Fundi Fremu
Basi jibu unalo. Kamlaza ili aenee. Mimi mteja akileta kanga ya mita mbili anataka fremu ya nusu mita, nakunja.

#13 Dada wa Ukuta Mweupe
Fundi unatania lakini una hoja. Ubao umelala kwa upana, haukusimama. Mtu mrefu akisimamishwa kwenye ubao huo anakuwa kama kibiriti. Akilazwa, miguu inakuwa barabara, na ule mstari mwekundu unakuongoza kutoka kiatu hadi usoni. Nimefundishwa kuchora miaka mitatu na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Tissot hakuwa anasema habari ya uvivu wala ushujaa. Alikuwa na tatizo la urefu akalitatua.

Tena msisahau alizaliwa Nantes katika nyumba ya wafanyabiashara wa vitambaa na kofia. Mtu wa namna hiyo ukimletea dirii inayong'aa, kitambaa cheupe cha kochi na suruali yenye mstari, macho yake yanakwenda kwenye nguo kabla ya mwenye nguo.

#14 Kisiki cha Mpingo
Nyote mmekosa. Tafuteni nani aliyelipa. Picha hiyo iliagizwa na Thomas Gibson Bowles, rafiki wa Burnaby, mwenye jarida la Vanity Fair lililoanzishwa 1868. Burnaby mwenyewe alichangia mtaji wa kulianzisha na akaliandikia barua kutoka Hispania. Tissot naye alikuwa anachora vibonzo vya wakubwa kwenye jarida hilo hilo. Kwa hiyo mwenye jarida, mwandishi wake na mchora vibonzo wake wako chumba kimoja. Si picha ya jeshi hiyo. Ni picha ya kijiwe. Mtazame anavyoangalia pembeni, kuna mtu anamhadithia kitu nasi hatumwoni. Ukiwa na washikaji utasimama wima kifua mbele?

#15 Kalamu ya Mkaa
Kisiki hapo umenigusa. Lakini mchora vibonzo hawezi kuacha jicho la kibonzo nyumbani. Yale masharubu!

#16 Kisiki cha Mpingo
Masharubu yalikuwa hivyo hivyo, usimsingizie Mfaransa wa watu.

#17 Nubi wa Kibra
Hamjambo. Naona mnazungumza kochi tu, nyie mnajua huyu mtu alikufa wapi? Alikufa Sudan, na hiyo habari inatuhusu sisi. Nitarudi nikitoka kazini.

#18 Bint Mkokotoni
Wakati tunamsubiri Nubi, kuna mtu anijibu: ile hadithi ya farasi wawili ni kweli? Nimesoma kwamba wenzake walipandisha farasi wadogo wawili ghorofani chumbani kwake, wakagoma kushuka ngazi, akawabeba mmoja kwapa hili mwingine kwapa lile.

#19 Koplo Mstaafu
Hiyo ni hadithi ya mesi ya maafisa. Kila kambi ina mtu wake. Kwetu alikuwepo sajenti aliyesemwa amezuia lori la tani saba kwa bega. Nilikuwepo. Lori lilikuwa limezimika na lipo tambarare.

#20 Mwalimu Kidato
Nguvu zake zilishuhudiwa na wengi, lakini hadithi ya farasi ina matoleo kadhaa na kila toleo lina ngazi zake. Mimi naiweka kwenye kapu la hekaya. Jambo la hakika zaidi, na zito zaidi, ni ile baridi ya njiani kwenda Khiva. Alisinzia ndani ya kigari cha kuteleza kwenye theluji akiwa hana glovu, mikono ikaganda hadi haina hisia. Wakosaki, askari wa farasi wa Urusi waliokuwa kituoni, wakamsugua kwa nguvu mpaka damu ikarudi. Asingewakuta angekatwa mikono. Na alipofika, Warusi wakampa telegramu kutoka kwa mkuu wa majeshi wa Uingereza: rudi Ulaya mara moja. Maana alikwenda kwa likizo yake mwenyewe, hakutumwa na mtu.

#21 Hesabu za Mtaani
Halafu akarudi akaandika kitabu, kikauzwa kama karanga, na aliyetumiwa telegramu ya karipio akaalikwa kula na malkia. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa maskini, wewe ukikosa zamu siku moja unakatwa mshahara.

#22 Dada wa Ukuta Mweupe
Wazo la Khiva lenyewe alilipatia Khartoum, mnajua? Mwanzoni mwa 1875 alikuwa Sudan kuandikia gazeti la Times habari za Gordon, afisa wa Uingereza aliyekuwa akihudumu huko. Wakati wa kurudi, wakiwa Khartoum, akaokota gazeti la zamani lililoandika kwamba Urusi imewafungia wageni Asia ya Kati. Akaambiwa huwezi. Basi akaenda.

#23 Kalamu ya Mkaa
Likizo, likizo, likizo. Khiva likizo. Mwaka 1882 akavuka bahari kwa puto peke yake kutoka Dover akashukia Normandy, tena bila ruhusa, akakaripiwa. Mwaka 1880 akagombea ubunge Birmingham akashindwa. Kazi ya jeshi alifanya saa ngapi? Mimi bado nasimama na neno langu: mtalii.

#24 Koplo Mstaafu
Mtalii hachomwi mkuki.

#25 Nubi wa Kibra
Nimerudi. Someni taratibu.

Vita vyote viwili alivyopigana vilikuwa Sudan, dhidi ya watu wa Mahdi, Muhammad Ahmad, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri. Cha kwanza El Teb, karibu na Bahari ya Shamu, Februari 1884. Hakuwa na amri ya kuwepo pale, alikuja likizo kama kawaida yake. Alipigana na bunduki ya kuwindia yenye mitutu miwili, kule kwao wakapiga kelele kwamba anawinda binadamu kama ndege. Akajeruhiwa mkono.

Cha pili ndicho kilichomwua. Jeshi lilikuwa linakwenda kumwokoa Gordon aliyezingirwa Khartoum. Burnaby alikatazwa kwenda. Akaaga kama anayekwenda kusini mwa Afrika, kumbe anapanda Nile. Tarehe 17 Januari 1885, mahali Waingereza wanapaita Abu Klea. Jina lenyewe ni Abu Tulayh, kwa hiyo mkitafuta kwenye ramani za Kiarabu msipotee. Waingereza kama 1,400 wakajipanga mraba, ngamia na majeruhi katikati. Vita vyenyewe vilichukua kama robo saa. Waingereza zaidi ya 70 wakafa, upande wa Mahdi karibu 1,100. Burnaby alichomwa mkuki shingoni akiwa nje ya mraba.

Na hakikusaidia. Khartoum ilianguka tarehe 26, meli za uokozi zikafika 28.

#26 Mzee wa Siti ya Mbele
Siku mbili! Kahawa imepoa.

#27 Bint Mkokotoni
Samahani Nubi, nje ya mraba alikuwa anafanya nini? Si mraba ndiyo usalama?

#28 Mwalimu Kidato
Binti, swali lako limebishaniwa tangu 1885. Mraba ulifunguka kwenye kona ya nyuma kushoto. Wako wanaosema Burnaby mwenyewe aliamuru makundi ya askari wageuke watoke kwenye mstari ili bunduki ya rasharasha ya Gardner ipate nafasi ya kupiga, na hapo ndipo mlango ukafunguka. Amri hiyo haikuwa yake kuitoa, mkuu wa msafara alikuwa Herbert Stewart.

#29 Koplo Mstaafu
Wako pia wanaosema ni ngamia. Ngamia wa nyuma walichelewa, mraba ukanyooka ukawa kama kaptula iliyochanika. Mimi niko upande wa ngamia. Aliyewahi kutembea na mnyama wa mizigo anajua: safu nzuri ni ya kwenye karatasi.

#30 Kisiki cha Mpingo
Na wanamaji je? Gardner ilikuwa mikononi mwao, chini ya Lord Charles Beresford. Waliisukuma nje ya mraba ili ipige vizuri, ikapiga kidogo, ikakwama. Walioisimamia karibu wote wakauawa hapo hapo. Usimlaumu ngamia kwa kosa la chuma.

#31 Nubi wa Kibra
Wote mnatafuta kosa la Waingereza. Hamjafikiria kwamba waliokuja mbio na mikuki walijua wanachokifanya? Walijificha kwenye korongo na majani marefu, bendera tu zikionekana, wakangoja, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye kona dhaifu. Hiyo si bahati.

#32 Koplo Mstaafu
Hapo Nubi nakupigia saluti. Ila ngamia wana mchango wao, hata kwenye wokovu: walioingia ndani ya mraba walikwamia kwenye ukuta wa ngamia hao hao.

#33 Dada wa Ukuta Mweupe
Wengine husimulia kwamba alitoka kuwaokoa askari wa mbele waliokuwa wanakimbilia ndani ya mraba huku wenzao wanashindwa kufyatua wasiwapige. Ukichukua maelezo hayo ni shujaa. Ukichukua ya amri ya Gardner ni mzembe. Mtu yule yule, hatua zile zile.

#34 Kalamu ya Mkaa
Nubi, ulisema inawahusu ninyi. Vipi?

#35 Nubi wa Kibra
Mahdi alipoikata Sudan, kusini kabisa kulibaki askari Wasudani wa serikali ya Misri chini ya gavana wao Emin Pasha, hawana njia ya kurudi. Emin akatolewa na msafiri Stanley, askari wengi wakabaki na familia zao. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Uingereza, akaja kuwachukua akawapeleka Uganda. Kizazi chao ndio sisi, Wanubi, tukaingia King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, ndipo tukapata Kibra ya Nairobi, yaani msitu kwa lugha yetu. Sina picha ya mtu wa kwetu aliyechorwa kajilaza kwenye kochi. Waliokuwa na kochi walikuwa wachache.

#36 Mwalimu Kidato
Na Kalamu asidhani Tanga imepona. Mwaka 1889 Wissmann alipotumwa na Wajerumani kumpiga Abushiri, alikwenda Cairo akakusanya Wasudani kama 600, wengi wakiwa askari waliokosa kazi baada ya Misri kuipoteza Sudan. Hao ndio waliopelekwa pwani yetu. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Kwa hiyo vumbi la vita ile aliyofia Burnaby lilifika hadi mlangoni kwako.

#37 Mzee wa Siti ya Mbele
Na Emin Pasha mwenyewe kufika Bagamoyo salama baada ya shida zote zile akaanguka dirishani kwenye karamu. Historia ina utani.

#38 Bint Mkokotoni
Mimi nina swali la picha. Marehemu babu yetu alikuwa KAR, alikwenda Burma. Tuna picha yake moja ya studio, kasimama, kavaa koti lenye mistari ya sajenti. Lakini karatasi zake zote zinasema alitoka jeshini akiwa askari wa kawaida. Tangu utotoni nyumbani kuna ubishi. Wajomba wanasema alishushwa cheo kwa kumpiga Mzungu. Bibi alikuwa akiulizwa anacheka tu.

#39 Hesabu za Mtaani
Wajomba wote duniani husema alimpiga Mzungu.

#40 Kalamu ya Mkaa
Bint, mimi ni mtu wa kazi hiyo. Studio za zamani zilikuwa na koti la pamoja ukutani, anayekuja anavaa. Nimewahi kuona picha tatu za watu tofauti na shati lililochanika mfuko mahali pale pale. Muulize mtu mzima aliyebaki.

#41 Fundi Fremu
Kwa hiyo babu wa Bint alivaa cheo asichokuwa nacho akasimama wima, Burnaby alikuwa nacho akakivua akakiweka kando. Kalamu, wateja wako wa medali zihesabike sasa unawaelewa?

#42 Kalamu ya Mkaa
Nawaelewa, ila kifungo cha tatu sitakirudia bure.

Narudi kwenye hoja yangu. Nimepunguza kidogo: si mtalii, ni askari ambaye jeshi lake halikuwa na kazi ya kumpa, akajitafutia. Lakini sikubali kuwa kochi halina maana. Dada anasema ni urefu, Kisiki anasema ni kijiwe, Hesabu anasema ni pesa.

#43 Dada wa Ukuta Mweupe
Nami nasema bado ni urefu. Na tumsahihishe mmoja: kuna aliyedokeza faraghani kwamba alikufa bila mke. Alioa 1879, Elizabeth Hawkins-Whitshed, wakapata mtoto wa kiume. Mama huyo afya yake ilikuwa dhaifu, akaenda milima ya Alps kupumzika, akaishia kuwa mpanda milima mashuhuri na mwanzilishi wa chama cha wanawake wapanda milima mwaka 1907. Picha yake ndiyo ningeinunua.

#44 Kisiki cha Mpingo
Birmingham walikomkatalia kura walimjengea mnara uwanjani pa kanisa la St Philip's. Umechongwa uso wake, Khiva 1875 na Abu Klea 1885. Puto hawakuliandika, kochi ndiyo kabisa.

#45 Koplo Mstaafu
Kura hawakumpa, jiwe wakampa. Kawaida.

#46 Bint Mkokotoni
Nimempigia shangazi mkubwa Mkokotoni. Kacheka kama bibi. Anasema koti lilikuwa la mpiga picha, Mhindi mmoja, na lilikuwa linambana makwapani ndiyo maana mikono imekaa vile. Ila viatu ni vyake, alivitoa Burma, na siku ile alivipiga rangi asubuhi nzima. Nimeitazama tena picha. Kweli, vinang'aa kuliko koti.